Andalio la Somo

Gredi: ya tano. Wanafunzi: arobaini na mmoja,
na Lali, ambaye hufika kipindi kimeshaanza
kwa sababu punda wa baba yake, asema, huamka na hasira.
Mada: sehemu.
Shabaha: kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze
— hapo kalamu husimama,
nami husikia jirani akisugua sufuria.

Kwetu Bukavu. Chuo kiko Malindi.
Mazoezi ya kufundisha yamenitupa Lamu,
chumba cha juu kwa Bi Zena, Langoni,
ngazi kumi na tisa, ya saba imemeguka;
nimeshajua kuiruka gizani, daftari zote kwapani.
Kodi nalipa Ijumaa. Bi Zena huzihesabu noti mara mbili,
kisha hunirudishia hamsini ya viazi vya karai.
"Tumbo tupu," asema, "litafundisha kwa sauti gani?"

Kiswahili nilikuja nacho begini,
nikidhani nimekikunja vizuri.
Siku ya kwanza nikasema, "Batoto, mukae,"
na kicheko kikapita ukutani hadi gredi ya sita.
Mwanaidi, dawati la mbele, akanyosha mkono
kwa upole wa mganga anayetoa habari mbaya:
"Mwalimu, si batoto. Ni wana."

Tangu hapo nina daftari la pili, lisilokaguliwa.
Mato ni macho. Iwe ni jiwe.
Ndia ni njia, na ya kurudi nyumbani
niliipoteza siku tatu mfululizo,
nikitokea kila mara kwenye mlango uleule wa fundi saa,
naye kila mara akinisalimu upya, kunisitiri.
Bukari hapa ni sima. Sombe ni kisamvu.
Ila sambaza, dagaa wetu wa Kivu, nilipowaulizia dukani,
muuzaji alichukua simu yake:
"Ya shilingi ngapi?"

Jumatano alikuja msimamizi, Bwana Kitsao,
magoti yake marefu yakigonga dawati la mtoto.
Nilileta mkate wa mofa, nikaukata vipande vinane.
Kabla sijauliza swali, Lali alikuwa anatafuna.
"Umebaki kiasi gani?" nikauliza, jasho likinitoka.
"Saba ya nane!" darasa zima, hata wale wa nyuma
ambao sijawahi kusikia sauti zao.
Bwana Kitsao aliandika kwa muda mrefu.
Baadaye, kwenye fomu: *Zana zidhibitiwe.*
Alama sabini na moja.
Makombo aliyala yeye.

Dakika zilizobaki, Mwanaidi aliuliza kwetu kuna nini.
Nikachora ziwa ubaoni, chaki ya buluu, ya mwisho.
"Lina chumvi?"
Halina.
"Mai yake huyaa?"
Hayajai.
"Hupwa?"
Hayapwi.
Akalitazama ziwa langu kama mtu anayetazama mgonjwa.
"Basi hulala tu?"
Kengele ikaniokoa.

Usiku nikampigia mama, salio la dakika nne.
Dakika ya kwanza yote ni *unanisikia? unanisikia?*
Nikamwambia: asubuhi napita gatini, bahari imejaa mpaka kwenye mawe;
nikirudi saa tisa, imeondoka,
imeacha tope, na ndala ya mguu mmoja.
Mama akanyamaza. Nyuma yake niliisikia mvua ya kwetu kwenye bati.
"Na ile mayi," akauliza, "inaendaka wapi?"

Mayi, asema mama.
Mai, asema Mwanaidi.
Maji, chasema kitabu, ukurasa wa thelathini,
na wala hakisemi yanakwenda wapi.
Salio likakatika.

Nimefungua andalio la kesho.
Gredi: ya tano. Wanafunzi: arobaini na mmoja, na Lali.
Utangulizi (dakika tano):
mwalimu awaulize wana swali la mama yake,
kisha akae chini,
asikilize.